Upande Usiotiwa Unga Mweusi

Chama chetu cha akina mama hapa Kimbo kina ugonjwa mmoja: kikisikia jambo jipya, kila mtu lazima alifanye siku hiyohiyo, kabla hata halijaeleweka. Tuliwahi kufuga sungura sote kwa mpigo mmoja mpaka hakukuwa na wa kumuuzia mwenzake. Kwa hiyo afisa wa kilimo alipotuletea magunia ya unga mweusi, maganda ya kahawa yaliyochomwa na kusagwa, akatuambia kwamba unalainisha udongo na kushika maji, nilisimama nikasema safari hii ajaribu mtu mmoja kwanza, wengine wangoje. Wote wakapiga makofi, kisha wakanigeukia. Mdomo wangu huniponza hivyo kila mara.

Udongo wetu ulihitaji msaada, hilo halina ubishi. Mvua ikinyesha unanata kwenye gumboti mpaka mtu anaongezeka kimo, na jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza vijiko. Afisa alikuja nyumbani akanionyesha la kufanya. Nikigawe katikati kile kishamba changu cha nyuma ya nyumba, upande mmoja nitie unga, upande wa pili nisitie. Kisha nipande miche ileile ya mboga ya sukuma pande zote mbili, na maji nimwage sawasawa.

"Usipendelee upande wowote, mama," aliniambia. "Ukipendelea, hatutajua kama ni unga umefanya kazi ama ni wewe."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Mimi ni fundi wa nguo. Kugawa kitu katikati na kuhakikisha pande mbili zinalingana ndiyo kazi inayonilisha, na mteja ambaye mkono mmoja wa gauni lake umezidi mwingine haniachi nilale.

Mama yangu aliyasikia hayo yote akiwa kwenye kiti chake cha veranda. Alikunja uso tu. Afisa alipoondoka ndipo aliponiita.

"Mami," akasema. Kwetu mama na binti huitana mami, yeye ananiita hivyo na mimi namwita hivyo, na mgeni akitusikia hajui nani alimzaa nani. "Hiyo mimea ya huu upande imekosea nini?"

"Haijakosea kitu. Ni ya kulinganisha."

"Kwa hivyo hawa mtawapatia chakula, na hawa watakuwa wakiangalia tu."

"Mami, ni sukuma."

"Ii. Nimeona ni sukuma."

Nilicheka. Nilifurahi hata, maana kwa muda mrefu hakuwa amezungumzia kitu chochote zaidi ya chai na mguu wake.

Mama alikuwa ameishi Ngoliba maisha yake yote, akilima ndengu na kunde kwenye ardhi kavu ambayo mtu mwingine angeikimbia. Asubuhi moja aliteleza kwenye banda la mbuzi akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji Thika, na alipotoka nikamleta kwangu, kwa sababu nyumba yangu haina ngazi na mimi hufanyia kazi nyumbani. Daktari alituonyesha picha ya mfupa, akatuambia umeunga vizuri. "Sasa ni kutembea," alisema. "Akikaa tu, miguu itasahau kazi yake, na hatatembea tena." Maneno hayo niliyabeba kutoka Thika hadi Kimbo, na hayakuacha kunilia masikioni.

Mara ya kwanza tulijaribu sebuleni. Ndugu yangu wa Thika alikuwepo, mke wake alikuwepo, nami nikawa mbele nikimwita kama mtu anavyoita mtoto wa mwaka mmoja. Mama alichukua mkongojo, akapiga hatua, akayumba kidogo. Ndugu yangu alimrukia akamkumbatia kutoka nyuma na kumwinua juu juu kama gunia la mahindi. Alifanya hivyo kwa upendo, lakini nilimwona mama usoni. Tangu siku hiyo alikataa. Alikuwa ananiegemea kutoka kitandani hadi chooni, kutoka chooni hadi kwenye kiti cha veranda, basi. Nikimwambia tujaribu kidogo anasema mguu unauma. Nikimwambia daktari alisema, anasema daktari akuje atembee yeye. Mkongojo ulisimama pembeni ya kiti, nami nilikuwa nikiupangusa vumbi kila nilipofagia.

Ndugu yangu akaanza habari ya kiti cha magurudumu. Alikuwa amekiona Thika, kizuri, kinakunjika. Kila akipiga simu alikitaja. Nilimwambia angoje, na kila mara nilipomwambia angoje sikuwa na sababu ya kumpa. Niliogopa kile kiti kuliko nilivyoogopa kitu kingine chochote mwaka ule. Nilijua akikikalia mara moja ndiyo basi, hatainuka. Mwishowe akasema anakileta Jumapili ijayo, nipende nisipende, kwa sababu mama hawezi kuwa anabebwa na mtu mwenye mgongo mbovu kama wangu. Mgongo ni mbovu kweli.

Wakati huohuo sukuma zilikuwa zinanichanganya akili.

Nilikuwa nikizipima kwa futi yangu ya kushonea, jani kwa jani, nikiwa nimeinama kama napima kiuno cha mteja mwenye aibu. Mwanzoni pande zote zilikwenda pamoja. Kisha upande uliotiwa unga ukabaki vile vile, majani madogo, rangi ya kuchoka. Na upande usiotiwa kitu, ule wa kulinganisha tu, ukaanza kunona. Majani yakawa mapana, ya kijani kibichi kile ambacho mama mboga hukiweka mbele ya meza. Nilipima mara ya pili nikidhani futi imenidanganya. Nikaangalia kivuli cha ukuta, nikaangalia maji ninavyomwaga. Kila kitu kilikuwa sawa, ila sukuma hazikuwa sawa.

Halafu kulikuwa na yale mashimo. Upande ulionona, katikati ya mistari, nilikuta mashimo ya mviringo, madogo, yamechimbwa vizuri kwenye udongo uliolowa. Jirani aliyechungulia juu ya ukuta aliniambia, "Ni fuko huyo. Atakula mizizi yote." Nikasaga pilipili kali, nikachanganya na majivu, nikayajaza mashimo yote. Mama alinitazama kutoka kwenye kiti chake mpaka nikamaliza.

"Unatafuta nini, mami?"

"Fuko."

"Aha," akasema, akageukia upande mwingine. Asubuhi iliyofuata mashimo mapya yalikuwa yametokea kando ya yale ya zamani.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Nilipokuwa nikifua leso ambazo mama hujifunga kiunoni nilikuta upindo umelowa, na una harufu. Haikutokea siku moja tu. Hata kule veranda kulikuwa na kaharufu kabaya ambako nilijiambia ni kamtaro ka jirani, huku nikijua mtaro wa jirani haujawahi kunuka hivyo. Nikaelewa nilivyoelewa. Mwanamke aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo, msafi wa kupiga pasi hata kitambaa cha kichwa cha shambani, sasa alikuwa anajikojolea na ananificha. Nililia juu ya karai. Nilikata shauri kwamba Jumapili ndugu yangu akifika na kile kiti sitabishana naye tena.

Alhamisi rafiki yangu wa chama alikuja kukagua jaribio. Huyu ni mtu wa kusema yote yaliyo moyoni bila kuchagua, na aliposimama kati ya pande mbili za sukuma alishika kiuno.

"Ai! Wacha! Hii yenye hakuna kitu ndio imenona hivi?"

"Ndiyo hiyo."

"Na hii ya unga inakaa ni kama imefiwa. Huyo afisa alituletea nini?"

Mama alikuwa pale veranda akitusikiliza, mkono juu ya mkono, uso wa mtu aliye kanisani. Rafiki yangu alimsalimia, akamwuliza mguu. Mama akasema mguu uko tu.

Tukarudi dukani. Duka langu ni chumba cha mbele kinachotazama barabara, kisha kuna sebule, kisha jikoni ambako dirisha lake linaona shamba. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, ya zamani, na ina mlio unaosikika nyumba nzima. Rafiki yangu alikuwa amekuja na leso mpya isiyopindwa. Alijifunza kushona ujanani na hapendi kusahaulika kwa hilo. "Wacha nijipindie mwenyewe," akasema. "Wewe enda uniwekee chai." Akakaa kwenye stuli yangu, akaanza kukanyaga. Nami nikaenda jikoni.

Nilikuwa nimeshika sufuria nilipotazama nje.

Kiti cha veranda kilikuwa kitupu. Mama alikuwa shambani. Alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili katikati ya sukuma za upande usiotiwa unga, mkono mmoja kwenye mkongojo, mkono wa pili na kikombe cha bati. Alimwagia mche mmoja, taratibu, kwenye shina. Kisha akauvuta mkongojo uliokuwa umezama kwenye udongo, ukaacha shimo la mviringo. Akageuka. Akarudi mpaka kwenye benchi la veranda, hatua kwa hatua, akainama, akafunua gunia lililofunika mkebe wa rangi, akachota tena. Nikaijua ile harufu. Ilikuwa mbolea ya kuku aliyoiloweka, kutoka kwenye banda lililo kando ya kiti chake, vile alivyofanya Ngoliba miaka yote. Akaenda tena. Upindo wa leso uliburuzika kwenye maji yaliyomwagika. Alikuwa anaongea, na dirisha lilikuwa wazi.

"Kunywa. Kunywa, wewe. Walikunyima, sindio? Kunywa."

Hakuwa anatembea vizuri. Alikuwa anachechemea vibaya, bega moja chini, na alipofika ukingoni aliyumba kidogo, nami nikataka kuruka dirisha. Lakini hakukuwa na mtu wa kumrukia, akajishika mwenyewe, akaendelea.

Ghafla kule mbele cherehani ikanyamaza. Uzi ulikuwa umekatika. Na mama, pale shambani, akasimama tuli. Akainua kichwa akausikiliza ule ukimya. Kisha akaanza kurudi kwenye kiti haraka haraka, haraka kuliko nilivyopenda, kikombe kikimwaga.

Nikaelewa yote kwa pamoja. Ndiyo maana sikuwahi kumwona. Nikikanyaga cherehani, anajua nimekaa. Nikiacha, anajua naweza kutokea. Miguu yangu ndiyo iliyokuwa ikimwambia lini atumie yake.

Nilikimbia dukani kwa vidole vya miguu. "Kanyaga!" nikamwambia rafiki yangu kwa sauti ya chini.

"Nikanyage nini? Uzi umekatika."

"Kanyaga tu! Bila uzi! Kanyaga!"

Alinitazama kama mtu anayefikiria ni nani ampigie simu. Lakini alikanyaga. Nikarudi jikoni polepole. Mama alikuwa ameshafika kwenye kiti, mkono kwenye egemeo. Alisikiliza. Akangoja kidogo. Kisha akachukua kikombe chake akaenda tena.

Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati la vyombo, nikalia kilio ambacho sikuwa nimelia hata hospitalini. Hakuwa anajikojolea. Hakukuwa na fuko. Nilikuwa nimejaza pilipili kwenye nyayo za mama yangu. Nilianza kucheka nikiwa bado nalia, na rafiki yangu alipokuja kuona kwa nini chai haiji nilimwonyesha dirisha kwa kidole, naye, yule asiyejua kunyamaza, akanyamaza. Kisha akarudi mbio dukani kukanyaga kabla mama hajastuka.

"Na jaribio je?" aliniuliza baadaye, akinywa chai iliyokwisha kupoa.

"Limeharibika."

"Tutamwambia afisa nini?"

"Tumwambie upande mmoja ulipendelewa."

Nilimpigia simu ndugu yangu nikiwa barabarani, mbali na masikio ya mama. Nikamwambia habari ya kile kiti aiache. Akasema kiti kiko kwenye buti tayari. Akasema mimi nina kichwa kigumu tangu utotoni. Nikamwambia ni kweli, lakini Jumapili akifika asikishushe kabla sijamwonyesha kitu, na akimwona mama amesimama asimguse. "Hata akiyumba?" akauliza. Nikamwambia hasa akiyumba.

Ijumaa na Jumamosi nilishona kuliko nilivyowahi kushona. Kazi ya wateja ilipokwisha niliendelea kukanyaga cherehani bila kitambaa, sindano ikichoma hewa, huku watu wakipita barabarani wakidhani biashara imenoga. Sikwenda dirishani kila mara. Nilijizuia. Nilisikiliza tu, na nilipochoka nilikohoa kwanza, nikasogeza stuli kwa kishindo, nikampa muda wa kurudi. Jioni mama alisema, "Leo wateja wamekuwa wengi." Nikasema, "Wengi sana, mami." Alikuwa na rangi usoni. Alikula ugali wote.

Kitu kimoja nilikuwa nimekisahau. Mama yangu ni mtu wa kanisa, na nyumbani kwetu sindano haikuwa inashikwa Jumapili. Hata kifungo kilichong'oka kilingoja Jumatatu. Nimekuwa fundi maisha yangu yote, na sijawahi kufungua cherehani siku hiyo, si kwa harusi wala kwa msiba, kwa sababu najua sauti yake ingemfikia mpaka Ngoliba.

Ndugu yangu alifika baada ya ibada, peke yake. Tulikula. Tukamkalisha mama veranda, nasi tukakaa naye, na jua likawa kali juu ya sukuma. Nyumba ilikuwa kimya. Mama hakutulia. Alitazama sukuma. Alitazama gunia chini ya benchi. Alipangusa goti ambalo halikuwa na kitu. Ndugu yangu alinitazama kwa jicho la kuuliza, niko hapa, kuna nini cha kuona, na mimi nikaanza kuogopa. Nilikuwa nimemwahidi kitu nisichoweza kumpa. Kile kiti kilikuwa pale nje ndani ya gari, na siku ilikuwa inakwisha.

Ndipo mama alipokohoa.

"Mami," akasema, bila kunitazama. "Hakuna nguo ya mtu uliacha bila kumaliza?"

Ndugu yangu aligeuka. "Mami, leo ni Jumapili."

"Najua ni Jumapili. Sijauliza wewe."

Nilishikilia meza nisicheke. "Iko moja," nikasema. "Ya mteja msumbufu sana."

"Basi enda umalizie. Mungu anajua watu wasumbufu. Na wewe," akamwambia ndugu yangu, "enda umshikie kitambaa."

Tukaingia ndani. Nilimwacha ndugu yangu jikoni, kando ya dirisha, nikamwonyesha asimame nyuma ya pazia. Nikaenda dukani, nikafunua cherehani yangu siku ya Jumapili kwa mara ya kwanza maishani, nikakaa na kuanza kukanyaga. Mlio wake ulijaa nyumba. Sikuwa na kitambaa chochote mkononi. Nilitazama ukuta nikihesabu pumzi zangu, nikiwaza kwamba labda leo hataki, labda amechoka, labda ataanguka.

Baada ya muda ndugu yangu akatokea mlangoni. Ni mtu mkubwa, mwenye tumbo na sauti, na sasa alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono, na macho yake yalikuwa mekundu. Nikapunguza mwendo ili nimsikie.

"Usiache," akasema. "Bado yuko huko mwisho. Kanyaga, siz, usiache."

Nikakanyaga.